Boma la mawe Migori, na hame la bibi yangu Geita



Najua nimepotea kidogo hapa kijiweni. Kazi za gazeti zilinibana, halafu nikachukua likizo ya siku sita nikavuka mpaka kwenda Kenya. Wenzangu ofisini walidhani nimefuata dili la simu au nimekwenda kumwona mchumba. Ukweli ni kwamba nilikwenda kuangalia mawe. Niliporudi nikaandika makala, nikampelekea mhariri. Akasoma aya mbili, akavua miwani, akaniuliza, "Hapa kuna aliyefukuzwa?" Nikasema hapana. "Kuna aliyekufa?" Nikasema wapo, ila ni miaka mingi sana iliyopita. Akanirudishia karatasi zangu. "Basi, bwana mdogo, mawe hayauzi gazeti."

Sawa. Hapa kwangu hakuna kinachouzwa, kwa hiyo leo nitayasimulia kwa nafasi. Ila nawaomba mnivumilie mpaka mwisho. Habari hii inaanzia Migori, lakini inaishia nyumbani kwetu Geita, na mimi mwenyewe nina kosa humo ndani.

Mahali penyewe panaitwa Thimlich Ohinga. Ni Kijaluo. Thimlich maana yake ni pori zito la kutisha, na ohinga ni boma au ngome. Wakiwa wengi wanaitwa ohingni. Huku kwetu Shinyanga ukisema "boma" mtu anafikiria ofisi ya mkuu wa wilaya, pale bendera inapopepea. Mimi naongelea boma la zamani lenyewe, yaani kaya ya watu na ng'ombe wao, iliyozungushiwa ukuta. Tofauti ni kwamba ukuta wa hili la Migori ni wa mawe matupu. Hakuna saruji, hakuna chokaa, hata udongo wa kushikiza haukutumika. Ni jiwe juu ya jiwe, na yamesimama tangu karne ya 16 kwa makadirio ya wataalamu.

Safari siyo ngumu kama mnavyofikiri. Kutoka Geita nilipanda basi asubuhi, tukapita juu ya daraja la Kigongo hadi Busisi lililofunguliwa Juni 2025. Wale tuliokulia kwenye foleni ya kivuko bado tunashangaa kila tukilipita. Mwanza nikabadili gari, nikashika barabara ya Musoma, Tarime, mpaka Sirari. Ukivuka mpaka pale, upande wa pili panaitwa Isebania, na Migori mjini siyo mbali. Kutoka Migori hadi kwenye boma ni kama kilomita 46 kuelekea kaskazini magharibi, na sehemu kubwa ni vumbi.

Njiani nikaona kitu kilichonifanya nimwambie dereva wa bodaboda asimame. Pembeni ya barabara kulikuwa na mashimo yamezungushiwa magogo, turubai la bluu, karasha linanguruma, na vijana wamejaa vumbi jeupe kichwani kama wamepakwa unga. Nikajiona niko Mgusu au Nyarugusu! Kumbe dhahabu yetu na yao ni ndugu. Miamba yenye dhahabu inayozunguka Ziwa Victoria, ile ya Geita, ya Kahama, ya Mara, inaendelea hivyo hivyo mpaka Migori. Wanajiolojia wanasema ina zaidi ya miaka bilioni 2.5. Mpaka wa Sirari umewekwa na Wazungu juzi tu, chini ya ardhi haupo. Kule Migori kuna mahali panaitwa Macalder, palikuwa na mgodi mkubwa wa shaba na dhahabu enzi za mkoloni, ukafungwa miaka ya 1960. Wachimbaji wadogo bado wanahangaika na mabaki yake, kama wenzao wanavyohangaika na marudio huku kwetu.

Kwa hiyo weka kichwani jambo hili: boma la mawe ninaloenda kulieleza limekaa katikati ya nchi ya dhahabu, kama tulivyokaa sisi. Nitalirudia huko mbele.

Tukafika. Sitawadanganya, kwa mbali huoni cha ajabu. Unaona kilima, miti, na minyaa mirefu iliyochoka. Halafu unakaribia, na ule uliodhani ni mwamba unagundua ni ukuta. Nikasimama karibu nao nikanyoosha mkono juu, sikufika. Kuna sehemu zina urefu wa mita 1.5 na kuna zinazofika mita 4.5. Unene wake ni kati ya mita moja na mita tatu. Fikiria ukuta ambao unaweza kulala juu yake kwa upana na miguu isining'inie.

Mlango sasa. Ni mdogo, wa chini, na juu yake yamelazwa mawe marefu kama mbao za kizingiti. Ili uingie lazima uiname. Mwenyeji aliyenizungusha, mzee wa makamo anayeongea Kiswahili kizuri tu, aliniacha niiname kwanza, nilipokuwa katikati, kichwa mbele na mgongo juu, akasema, "Sasa fikiria mimi nimesimama upande huu na rungu." Nikacheka, lakini nilimwelewa. Mwizi wa ng'ombe hawezi kuingia hapo akikimbia, na hawezi kutoka na ng'ombe akikimbia. Karibu na malango kuna sehemu zilizoinuliwa ambapo mlinzi alisimama kuangalia nje. Chini ya ukuta kuna matundu ya kutolea maji na uchafu. Hawa watu walifikiria kila kitu.

Swali langu la kwanza lilikuwa la kitoto: kwa nini haudondoki? Mawe yenyewe hayajachongwa. Yameokotwa hapo hapo, kila moja na umbo lake. Siri iko kwenye upangaji. Kuna safu ya nje ya mawe makubwa, kuna safu ya ndani ya mawe makubwa, na katikati wamejaza mawe madogo madogo yanayozishika safu zote mbili. Kila jiwe limekaa pale linapobanwa na wenzake. Anayefahamu matimba ya kwenye duara ataelewa haraka: gogo halisimami kwa msumari, linasimama kwa kubanwa. Pia ukuta haukwenda mstari ulionyooka. Unapinda pinda, na mpindo huo unaupa nguvu.

Ndani kuna alama za maisha ya kila siku. Kuna mabonde ya duara ardhini palipokuwa na nyumba. Kuna vizio vidogo vya mawe vya kufungia mifugo. Kuna mawe ya kusagia nafaka yamelika katikati. Kuna bao, lile la mchezo, vishimo vyake vimechimbwa kwenye mwamba. Hapo nilikaa kwa muda. Wasukuma tunao mchezo huo, tunauita isolo, na babu zetu walicheza hivyo hivyo jioni ng'ombe wakisharudi. Mtu alikaa hapa, akala kete za mwenzake, akacheka, na miaka mia kadhaa baadaye kijana wa Geita anaweka kidole kwenye kishimo kile kile.

Pia kuna mabaki ya tanuri la kuyeyushia chuma. Hili nalo si geni kwetu. Warongo wa upande wa Geita na Uzinza walikuwa mafundi wa chuma waliosifika, na majembe yao yalisafiri mpaka Usukuma na Unyamwezi, yakilipiwa mpaka mahari. Ukitembea mashambani Geita unaweza kukanyaga mavi ya chuma usijue ni nini, ukadhani ni jiwe lililoungua. Kabla ya dhahabu kutupa jina, chuma ndicho kilichotupa jina.

Eneo lote la Thimlich lina maboma makubwa manne: Kochieng, Kakuku, Koketch na Kolouch. La kuu ni Kochieng. Yale majina yalinivutia. Kwa Wajaluo, mwanzo ule wa "Ka" au "Ko" unaonyesha kwa nani. Kochieng ni kwa Ochieng. Ni kama sisi tunavyosema Mwamashimba au Mwakitolyo, ile "Mwa" ya mwanzo inakuambia hapa ni kwa fulani. Yaani boma hili lina umri wa karne nne au tano na bado lina jina la mtu! Na wala siyo kwamba ni la peke yake. Watafiti wamehesabu maboma ya namna hiyo 521 katika maeneo 139 ya upande ule wa Nyanza. Thimlich ni lile kubwa zaidi na lililotunzwa vizuri zaidi.

Sasa nani alijenga? Hapa ndipo nilipojifunza jambo ambalo limenikaa rohoni tangu siku hiyo.

Mimi nilitegemea niambiwe kabila moja lilijenga, likaondoka, hadithi ikaisha. Sivyo. Watu wa mwanzo wanaaminika kuwa Wabantu, kabla Wajaluo hawajaenea eneo lile. Baadaye wakaja wengine, Wajaluo wakiwemo. Kila waliokuja walilikuta boma, wakaingia, wakaishi, na palipobomoka wakapaziba kwa mtindo ule ule wa waliowatangulia. Hawakusema "hili ni la wale, tulibomoe tujenge letu." Hawakuchukua mawe wakajengee mahali pengine. Waliendelea hivyo mpaka mwanzoni mwa karne ya 20, wakaaji wa mwisho walipohamia kwenye makazi ya kawaida.

Mnajua kwa nini hili lilinigusa? Nikiwa chuo tulisoma habari za makazi ya mawe huko Uskoti, kwenye visiwa vya Orkney, panaitwa Skara Brae. Ni nyumba za mawe bila saruji, zina miaka kama 5,000, mpaka vitanda na makabati ni ya mawe. Zilifukiwa na mchanga, watu wakazisahau kabisa, mpaka dhoruba ya mwaka 1850 ilipoufagia mchanga zikaonekana. Zile zilitunzwa na mchanga. Thimlich hakukuwa na mchanga. Palitunzwa na watu, tena watu ambao wengine hawakuwa hata ukoo na waliojenga.

Bila shaka watu peke yao hawatoshi. Mti ukiota juu ya ukuta, mizizi inasukuma mawe, ukuta unadondoka. Wakaaji wakiondoka hakuna wa kuung'oa. Kenya ilipatangaza kuwa mnara wa kitaifa miaka ya 1980, na mwaka 2000 palikuwa bado pana hali mbaya kiasi cha kuingizwa kwenye orodha ya kimataifa ya mambo ya kale yaliyo hatarini. Makumbusho ya Taifa ya Kenya ikafanya ukarabati pamoja na wazee wa eneo hilo. Mwaka 2018, kwenye kikao cha UNESCO kule Manama, Bahrain, Thimlich Ohinga ikaingia kwenye Urithi wa Dunia. Daraja lile lile la Great Zimbabwe na magofu ya Kilwa Kisiwani. Boma la wafugaji!

Najua kuna msomaji anasema, "Sasa ndugu mwandishi, sisi hatuna mawe kama hayo, unatupigia kelele za nini?" Kwanza tunayo. Engaruka, kule Monduli chini ya kingo za Bonde la Ufa, kuna mabaki ya vijiji vya matuta ya mawe na mifereji ya umwagiliaji ya karne ya 15 hadi ya 18, kwenye eneo la kilomita za mraba kama 20. Mjerumani Fischer aliyaandika mwaka 1883. Wangapi kati yetu tumefika? Mimi mwenyewe sijafika, naona aibu kusema.

Lakini ni kweli kwamba Usukuma, pamoja na majabali yetu yote ya Mwanza na Shinyanga, hatukujenga maboma ya mawe ya namna ile. Sisi tulijenga kwa miti, udongo na minyaa. Karne ya 19, enzi za vita na biashara ya utumwa, wasafiri waliopita Unyamwezi na Usukuma walikuta vijiji vimezungushiwa maboma ya magogo na uzio mzito wa minyaa. Minyaa ni ukuta unaoishi. Mbuzi haili, utomvu wake unachoma macho, na ukiukata unachipua. Nyumba ikianguka udongo unarudi kuwa udongo, mchwa wanamaliza miti, lakini minyaa inabaki imesimama kwa umbo la kaya ile ile. Ukipanda kilima chochote kati ya Shinyanga na Geita ukaona duara la minyaa katikati ya mbuga halina nyumba ndani, hilo ni hame. Sisi tunaita itongo, yakiwa mengi ni matongo. Hizo ndizo ohingni zetu.

Na mengi tunajua yalikuwaje mahame. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini ni amri, na ifikapo mwisho wa mwaka 1976 kila mtu awe kijijini. Operesheni Vijiji ikapita Shinyanga mwaka 1974. Kaya zilizokuwa zimetawanyika, kila mzee na minyaa yake, zikahamishiwa kwenye mistari ya nyumba kando ya barabara. Sitaingia leo kwenye ubishi wa nani alikuwa sahihi, wazee wangu nyumbani bado hawajaumaliza. Nasema tu kwamba mwaka ule maelfu ya kaya yakawa matongo kwa msimu mmoja.

Moja lilikuwa la bibi yangu.

Bibi aliolewa kabla ya Azimio la Arusha. Aliolewa kwenye kaya ya baba mkwe wake, mzee mwenye ng'ombe wengi na maneno machache. Huyo mzee alifariki kabla ya operesheni, na kwa desturi ya zamani ya Wasukuma mwenye kaya alizikwa kwenye zizi lake la ng'ombe. Hakuna msalaba, hakuna saruji. Ng'ombe wanapita juu, kaburi linapotea machoni, lakini kila mtu wa kaya anajua lilipo. Kisha ikaja 1974. Familia ikahama. Minyaa ikabaki na kaburi ndani.

Nilipokuwa mdogo tulikwenda pale kuchunga. Watoto tuliambiwa tusikate minyaa ile, na hatukuuliza kwa nini.

Miaka kadhaa iliyopita ikatokea rashi. Mtu aliokota jiwe lenye dhahabu mita chache tu kutoka kwenye minyaa. Ndani ya wiki mbili walikuwepo watu wengi kuliko kijiji chenyewe. Mimi nilikuwa ndiyo nimeanza kazi ya uandishi, nina hamu ya kuonekana. Nikaenda, nikapiga picha, nikahoji vijana wa kwenye maduara, nikaandika. Habari ikatoka ukurasa wa tatu na kichwa kikubwa kinachosema neema imeshuka. Jina langu likawa juu yake. Niliikata habari ile nikaibandika ukutani. Siku mbili baadaye wakaja watu wengine wengi zaidi, na wengine walikuwa wamelishika gazeti mkononi.

Hilo ndilo kosa nililosema. Kwenye habari ile nzima niliandika bei ya gramu, idadi ya maduara, mama lishe na bei ya ndoo ya maji. Sikuandika neno moja kwamba pale palikuwa na kaya ya watu. Na mimi ni mjukuu wa kaya hiyo!

Shamba lile lilikuwa chini ya baba yangu mdogo. Aliwaruhusu wachimbe kwa makubaliano ya mgao, kama ilivyo kawaida ya mwenye shamba. Minyaa ikakatwa kupata nafasi ya karasha. Bibi alipopata habari alitaka apelekwe. Tulimpeleka kwa pikipiki, taratibu, amekaa upande. Alifika akasimama muda mrefu, akaanza kuhesabu hatua kutoka kwenye jiwe moja kubwa ambalo halikuweza kuondolewa. Akafika ukingoni mwa duara moja. Akasema, "Zizi lilikuwa hapa." Kijana aliyekuwa anavuta kamba akauliza, "Bibi, unatafuta nini?" Hakumjibu. Akaniambia turudi.

Msimlaumu haraka baba mdogo. Nilimfuata nikiwa na hasira za msomi, nikamwambia ameuza kaburi. Akanitazama akaniambia, "Wewe ada yako ya mwaka wa tatu unadhani ilitoka wapi?" Nikakaa kimya. Halafu akaongeza jambo lililoniuma zaidi: "Na mimi lile kaburi nilijua lipo, ila sikujua ni wapi. Nani aliniambia?" Ni kweli. Yeye alihamishwa akiwa mtoto wa mgongoni. Bibi alijua, lakini hakuna aliyemuuliza, na yeye alidhani tunajua.

Nikaenda kusoma sheria, maana ndiyo kimbilio letu tuliosoma. Sheria yetu ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja majengo na mabaki ya kabla ya mwaka 1863. Yaliyo baada ya hapo yanahitaji waziri ayatangaze. Kaya ya minyaa ya miaka ya 1920 au 1940 haimo. Hata ya zamani zaidi, nani atathibitisha umri wa uzio wa minyaa mbele ya mtu mwenye leseni ya uchimbaji mkononi? Kwa hiyo hakuna aliyevunja sheria. Mchimbaji hakuvunja, baba mdogo hakuvunja, mimi sikuvunja. Tumeondoa kaya nzima juu ya ardhi kihalali kabisa.

Ndiyo maana nilikwenda Migori. Nilitaka kuona wenzetu wanaokaa juu ya dhahabu ile ile wamewezaje. Nilidhani nitakuta jibu ni mawe, kwamba mawe ni magumu na minyaa ni laini, basi. Lakini mawe nayo yanabebeka. Ukuta ule ungeweza kwisha zamani, ukawa misingi ya nyumba, ukawa kokoto za barabara. Kilichouacha ni kwamba kila kizazi kiliambiwa hapa ni kwa Ochieng, hapa ni kwa fulani, na kikakubali kwamba palipo na jina la mtu huwezi kufanya chochote unachotaka. Jina ndilo lililoshika mawe. Ukuta wa Thimlich ungekuwa hauna jina, leo ungekuwa ni rundo la mawe mazuri ya kujengea.

Sisi hapa Geita tuna majina mengi yanayojulikana. Kila mtoto anajua mgodi mkubwa ulianza kazi mwaka 2000, na Bulyanhulu ulifuata mwaka 2001. Tunajua mialo, tunajua maduara kwa namba. Lakini muulize mtu hilo duara namba saba lilikuwa kwa nani kabla halijawa namba saba, uone kama atakujibu.

Sisemi watu waache kuchimba. Ningesema hivyo baba mdogo angenicheka, na ningestahili. Nasema kabla ya karasha kushuka kwenye gari, mtu amuulize bibi mmoja tu wa jirani: hapa palikuwa kwa nani, na mmezika wapi? Kaburi linahamishika kwa heshima likijulikana. Duara linasogezwa mita kumi. Picha inapigwa. Serikali ya kijiji inaandika kwenye daftari. Gharama yake ni asubuhi moja.

Mimi nimeanza. Tangu nirudi, kila Jumapili nikiwa nyumbani nakaa na bibi na daftari la shule la kurasa 96. Ananitajia matongo yote anayoyakumbuka kuanzia mtoni mpaka barabarani, mwenye kaya, wake zake, walitoka wapi, nani kazikwa zizini. Mpaka sasa tuna matongo 14. Manne yameshachimbwa. Juzi nilimuuliza kwa nini hakutuambia mapema. Akasema, "Mjukuu wangu, ulikuwa unakuja na kalamu kila siku. Nikajua ukitaka utauliza."

Ile habari ya ukurasa wa tatu nimeibandua ukutani. Nimeiweka ndani ya daftari, kwenye ukurasa wa itongo letu, ili atakayesoma ajue na hiyo ilitokea.

Nawaachia kazi ndogo, wasomaji wangu wa Shinyanga, Kahama, Geita na popote mlipo: mpigieni simu mzee mmoja wiki hii, mumuulize jina la itongo moja. Moja tu. Mkilipata, karibuni hapa mlitaje na sisi tulijue.

Naomba kutoa hoja.